Uzi: Muvi za siku hizi hazisikiki na zina giza. Kosa la watengenezaji au la TV ya sebuleni?

Nang'olo_Ligula (Mtwara)

Wadau salaam. Mimi ni fundi wa TV na redio, binti yangu anahariri video, na kwenye muvi za miaka hii ya karibuni hatupatani hata kidogo. Yumo humu kama Kata_Unganisha, kwa hiyo hoja zangu naziweka hadharani anijibu mbele za watu.

Ya kwanza ni sauti. Mtu ananong'ona, unaongeza. Mara gari linalipuka, mtoto aliyelala anashtuka, unapunguza. Muvi nzima rimoti haitoki mkononi. Sinema za zamani, ziwe za Kihindi au za Kizungu, sauti yote ilipita njia moja ikatokea spika moja nyuma ya pazia. Mchanganyaji wa sauti hakuwa na pa kumficha mwigizaji, ilibidi maneno yakae juu ya muziki. Ya pili ni giza, mchana huoni kitu zaidi ya sura yako kwenye kioo. Ya tatu, picha inateleza kama taarifa ya habari. Ya nne, hadithi haina mwanzo: ili uelewe hii, unaambiwa kaangalie kwanza nyingine ishirini.

Na msiniletee habari za masikio ya uzee. Vijana wa miaka ishirini nao wanawasha sabtaito kwenye muvi ya lugha wanayoijua.

Kata_Unganisha (Chikongola)

Shikamoo baba. Wadau habari zenu.

Dalili umezitaja vizuri, ila ugonjwa unautafuta kusiko. Sauti ya muvi ya leo huchanganywa kwa njia sita, hiyo 5.1 inayoandikwa kwenye majina ya mafaili: mbele kushoto, mbele katikati, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, na moja ya mingurumo mizito peke yake. Mazungumzo karibu yote hukaa katikati. Ukumbini hiyo katikati ina spika yake. TV ina spika mbili, mara nyingi za wati 8 hadi 10, tena zimetazama chini. Ikipokea njia sita inazikunja ziwe mbili: ya katikati inashushwa desibeli 3 na kugawiwa pande zote mbili, kisha muziki, mvua, ving'ora na makelele ya nyuma vinarundikwa humo humo. Maneno yaliyokuwa na spika yao sasa yanagombea nafasi na kila kitu.

Halafu ukumbi wa sinema hupangwa kwa kipimo. Kiwango cha rejea ni desibeli 85, na kila njia ya mbele inatakiwa iweze kupanda hadi 105. Sebule haifiki huko wala haitakiwi kufika. Ukisikiliza chini ya hapo kwa desibeli 25, mlipuko bado unausikia, mnong'ono unamezwa na pangaboi.

Kwa hiyo anza na haya. Fungua orodha ya sauti za hiyo muvi, kama kuna ya stereo, yaani 2.0, chagua hiyo. Zima ile "surround" ya bandia ya TV, inayatawanya maneno pembeni. Washa kipengele cha kukuza mazungumzo, LG wanakiita Clear Voice, na kampuni nyingine zina majina yao. Kama TV ina ikwalaiza, shusha 100 Hz kwa desibeli 3 au 4, pandisha kati ya 2 na 4 kHz kwa 3. Hapo ndipo unapokaa uwazi wa konsonanti kama t na k. Ukipandisha zaidi ya desibeli 6, kila "s" itakuchoma sikio.

Nang'olo_Ligula

Marahaba mwanangu. Maelezo yako ni sahihi, na ndiyo yanayowahukumu wenzako. Anayejua bidhaa yake itaishia sebuleni aichanganye kwa ajili ya sebule. Netflix wenyewe wanataka mazungumzo yawe na wastani wa −27 LKFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), yakipotoka yasizidi 2, na kilele kisivuke −2. Hesabu mwenyewe nafasi iliyobaki hapo juu, karibu desibeli 25, halali kabisa kujazwa mabomu.

Tena si sebule pekee. Tenet ya 2020 ililalamikiwa na watu waliokaa ndani ya kumbi zenye spika zote hizo unazozisifia. Oppenheimer ya 2023 ilipigwa kwa kamera za IMAX ambazo zenyewe zina kelele, na mwongozaji wa zote mbili, Christopher Nolan, amesema wazi kwamba hapendi kuwarudisha waigizaji studio kurekodi upya maneno. Huo ni uamuzi wa msanii, namheshimu. Lakini usiupeleke kwenye TV ya mtu wa Ligula.

Kuna na hili ambalo ninyi wahariri mnalijua na hamlisemi: kamera mbili zikipiga pamoja, moja pana na moja ya karibu, maiki ya kwenye fimbo lazima itoke nje ya ile picha pana. Ilipaswa kuwa nusu mita juu ya kichwa, sasa iko mita mbili. Kinachobaki ni kamaiki ka kifuani chini ya shati, kanakwaruza kila mtu akigeuka.

Kata_Unganisha

La maiki nakubali lote. La Nolan, baba, unamchukua mtu mmoja unamfanya kijiji kizima.

Flashi_Masasi

Mnabishania Nolan wakati wateja wengi huku kwetu hiyo muvi hawajaiona, wameona kivuli chake. Msimu wa korosho mtu ananunua TV ya 4K inchi 55, kisha analeta flashi ya GB 16 anataka muvi arobaini. Piga hesabu: MB 400 kila moja. Muvi ya saa mbili kwa MB 400 ni kama kilobiti 440 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Diski ya Blu-ray inatoa megabiti 20 hadi 40 kwa picha tu. Programu ya kubana ikikosa nafasi inaanza kutupa vilivyomo gizani, kwa kuwa jicho halivigundui haraka. Ndiyo maana usiku kwenye muvi hizo ni miraba miraba inayotembea, na uso wa mweusi ukiwa kivulini unageuka bapa, hauna pua wala mashavu. Mzee anasema muvi ina giza. Haina, imekamuliwa.

Kwa saa mbili za 1080p iliyobanwa kwa HEVC, njia mpya ya kubana picha, usikubali chini ya GB 1.5, na ikifika 2 au 3 utaona tofauti kwenye usiku. Kama flashi ni ndogo, heri 720p nzuri ya GB 1 kuliko "4K" ya MB 700.

Vinavyokwamisha zaidi: flashi ya FAT32 haipokei faili la GB 4 na kuendelea hata kama nafasi ipo, itakuambia faili ni kubwa mno. Iformati exFAT, TV ikiigomea jaribu NTFS, na hamisha vitu vyako kwanza maana kuformati kunafuta vyote. Picha ipo ila sauti hakuna, hiyo ni DTS, aina ya sauti ambayo TV nyingi haziisomi. Tafuta yenye AC3 au AAC. Sauti ipo ila picha nyeusi, hiyo ni HEVC ya biti 10 kwenye TV ya zamani, hapo tafuta H.264, njia ya zamani ya kubana.

Msimamizi

Viungo vya kupakulia muvi vitafutwa. Maelezo ya kiufundi endeleeni.

Kata_Unganisha

Asante Flashi. Kwa anayeangalia kupitia kompyuta iliyochomekwa HDMI, programu ya VLC ina kompresa ndani yake. Fungua Zana, nenda kwenye madoido ya sauti, tafuta kichupo cha kompresa, kiwashe. Anzia hapa: kizingiti −20 dB, uwiano 4 kwa 1, kushika milisekunde 20, kuachia 250, kurudisha nguvu 8 dB. Kompresa hushusha vilivyozidi kizingiti, halafu ile 8 inainua vyote kwa pamoja, kwa hiyo mnong'ono unapanda na bomu linashuka. Ukiachia haraka mno, chini ya milisekunde 100, utasikia sauti inapumua, kila baada ya mlio mkubwa kelele za nyuma zinavimba. Ukirudisha nguvu 15 na zaidi, kila mtetemo wa jenereta aliousahau mpiga sauti utauleta sebuleni.

Kwa anayetaka faili lirekebishwe kabisa ili lichezwe kwenye flashi, tumia ffmpeg, programu ya kugeuza mafaili kwa kuandika amri:

ffmpeg -i muvi.mkv -map 0:v -map 0:a:0 -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -af "pan=stereo|c0<c2+0.5*c0+0.3*c4|c1<c2+0.5*c1+0.3*c5" muvi_maneno.mkv

c2 ndiyo katikati, imebaki kamili. Muziki wa mbele umekatwa nusu, wa nyuma umebaki theluthi, mngurumo c3 umeachwa nje. Alama ya < inazuia jumla isipite kiwango ikapasuka. Picha haiguswi, hivyo kazi ni dakika chache tu, na DTS ya Flashi inageuka AAC hapo hapo. Hakikisha kwanza sauti ni 5.1 kweli, kwa sababu amri hii imepangwa kwa njia sita, na faili la stereo halina c2.

Bati_la_Mingoyo (Lindi)

Hakuna aliyetaja chumba. Kuta za saruji, sakafu ya marumaru, bati bila dari. Simama katikati ya sebule upige kofi moja. Ukisikia mlio unakimbia juu kwa juu, maneno ya muvi nayo yanafanyiwa hivyo hivyo. Mkeka wa ukindu ni mwembamba, hausaidii sana. Kinachomeza mwangwi ni kochi la sponji, zulia nene, pazia zito lenye mikunjo, na kabati la vitu vilivyopangwa ovyo.

Jambo jingine ni vile vitambaa vya kufuma. TV imevishwa, sabufa imevishwa, spika zimevishwa, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye matundu. Besi inapenya, sauti nyembamba inabaki kwenye uzi. Kipandishe sentimita kumi tu uone. Na TV iliyotundikwa karibu na dari, spika zake zinaongea na ukuta. Ikikaa mezani, meza tupu mbele yake inarusha sauti kwako.

Mvua ya Desemba hadi Aprili juu ya bati ni habari nyingine, hakuna setingi ya kuishinda. Ni earphone au sabtaito.

Nang'olo_Ligula

Bati ameongea. Kwa wa Shangani na Mikindani niongeze chumvi ya bahari: spika ikikoroma au HDMI ikikatakata, kabla ya kutupa waya, chomoa umeme, safisha ncha kwa spiriti ya isopropili na brashi laini, acha ikauke ndiyo uwashe. Spika ambayo mpira wake wa pembeni umeoza haitengenezwi na menyu yoyote.

Sasa giza. Hapo nataka kumsikia binti yangu.

Kata_Unganisha

Giza lina sababu tatu, mkizichanganya hamtalitibu.

Mhariri wa rangi anafanya kazi kwenye chumba chenye giza, mbele ya skrini iliyopimwa kwa niti 100 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini). Pazia la sinema lenyewe ni niti 48 tu, lakini taa zimezimwa. Sebule ya Mtwara saa nane mchana, madirisha yamefunguliwa, mwanga wa nje unazidi hiyo picha mara nyingi. Muvi hiyo ni ya usiku, au funga mapazia.

Sababu ya pili ni HDR, picha yenye mwanga mkali kuliko ya kawaida. Faili lake hutengenezwa kwa skrini inayofika niti 1000 au zaidi, TV za bei ya kati hufika 250 hadi 350. TV inajitahidi kulikunja, picha inazama. TV isiyojua HDR kabisa inatoa picha ya kijivu iliyofifia kama kanga iliyochuja. Dawa ni kuchukua toleo la kawaida, yaani SDR, hata kama ni 1080p.

Ya tatu ni TV kujibana yenyewe. Zima kuokoa umeme na kihisi cha mwanga. Toka kwenye "Vivid", sura zinakuwa za chungwa. Weka "Standard" mchana, "Movie" usiku. Kile kinachoandikwa Backlight peleka 100, gama ishushe kutoka 2.2 hadi 2.0, itafungua vivuli bila kuunguza mawingu. Brightness usiiguse, hiyo inainua weusi tu, picha inakuwa ukungu.

Nang'olo_Ligula

Kote sawa isipokuwa hiyo 100, na hapo naongea kama anayezifungua hizo TV. Taa za nyuma za TV za bei nafuu zinasukumwa mkondo mkubwa tangu kiwandani. Ukiziendesha 100 kila siku kwenye joto letu, lenzi za plastiki juu ya taa zinakuwa njano na kudondoka, taa moja ikikata nyingine zote za mstari zinazimika kwa kuwa zimeungwa mfululizo. Dalili yake ni sauti ipo, picha haipo, ukimulika tochi pembeni mwa kioo unaona watu wanatembea. Weka 70 hadi 80, kisha gama 2.0. Ukikosa mwanga, sogeza TV isitazamane na dirisha.

Kata_Unganisha

Sawa baba, 80. Kuhusu kuteleza, muvi ni picha 24 kwa sekunde. TV inabuni picha za katikati zifike 50 au 60, ndipo muvi ya mamilioni inafanana na tamthilia ya mchana. Zima: LG ni TruMotion, Samsung Auto Motion Plus au Picture Clarity, Sony Motionflow. Mpira iache kama unaipenda. Na ile mistari myeusi juu na chini msiipanue kujaza kioo, mnakata robo ya picha.

Kideo_Nachingwea

Mnasahau muvi za kutafsiriwa. Wazee wanazitaka, na si uvivu wa kusoma. Lufufu enzi za kanda za VHS, DJ Afro kule Kenya: mdomo uko karibu na maiki, kiwango ni kimoja mwanzo mpaka mwisho, na muvi inashushwa kila msemaji anapoongea. Ni kompresa ile ile ya Kata, inaendeshwa na mtu mwenye vichekesho.

Nang'olo_Ligula

Mwambie. Na steringi anatajwa mapema, adui anatajwa mapema, humpotezi mtu.

Kata_Unganisha

Steringi anatajwa mapema na siri ya mwisho nayo inatajwa mapema. Tukio lililotengenezwa lisikike kimya, watu wawili wanatazamana, DJ analijazia salamu za mtaani kwao. Na mara nyingi chini ya sauti yake kuna nakala iliyobanwa mara ya tatu.

Kwa sabtaito, hiki ndicho kinachofanya zisomeke: mistari isizidi miwili, herufi kama 42 kwa mstari, isikae zaidi ya sekunde 7. Faili la SRT lipe jina lile lile la muvi, liwe folda moja, lihifadhiwe kwa UTF-8, la sivyo zitatokea alama za ajabu. Rangi weka njano, nyeupe inapotelea kwenye mashati. Inchi 43 kaa mita 2 hadi 2.5, si mita 4.

Zikichelewa kwa kiasi kile kile muvi nzima, kwenye VLC bonyeza G au H, kila mbonyezo ni milisekunde 50. Zikianza sawa halafu zinazidi kuachana, usihangaike na G na H. Sabtaito ni ya picha 25 kwa sekunde na muvi ni ya 23.976, au kinyume chake, na ndani ya saa mbili zitaachana karibu dakika tano. Tafuta za toleo lako au zigeuze kwa programu kama Subtitle Edit, sehemu ya kubadili kasi ya fremu.

Nang'olo_Ligula

Na anayesoma hatazami uso. Mkato mmoja wa sinema ya Marekani miaka ya 1930 kwa wastani ulikuwa mrefu kwa mbali kuliko wa leo. Sabtaito ya sekunde nne inaweza kukaa juu ya mikato miwili, ukimaliza kusoma watu wameshahama chumba. Hilo halina setingi, mwanangu.

Kata_Unganisha

Halina, kweli. Punguza kasi ya kucheza hadi 0.95 kama unaangalia VLC, sauti haibadiliki sana, ila muvi ya saa mbili inaongezeka dakika sita na ushee.

Kwa urefu nisikusikie ukilalamika. Sholay ya 1975 ni zaidi ya saa tatu, na Oppenheimer ni dakika 180. Tofauti ni kwamba za Kihindi zilikuwa na mapumziko, za Kizungu za sasa nyingi hazina. Sitisha kwenye dakika ya 90 ukanywe chai. La muvi ishirini umenipata: Avengers: Endgame ya 2019 ni ya 22 kwenye mfululizo wake, na kuianzia hapo ni kuingia msibani usijue aliyekufa nani. Chukua zinazojitegemea. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ni ya Kiswahili na ya Zanzibar ya miaka ya 1950, sabtaito huzihitaji.

Nang'olo_Ligula

Riwaya naijua. Usiku wake ukiwa wa kijivu narudi hapa.

Mdau_Newala

Samahani kuingilia. TV imeunganishwa na sabufa kwa bluetooth, maneno yanasikika vizuri ila midomo inatangulia. Ni muvi au TV?

Nang'olo_Ligula

Ni bluetooth. Inachelewesha sauti kama milisekunde 150 hadi 200, mara nyingine zaidi. Tumia waya: kutoka tundu la earphone la TV kwenda AUX ya sabufa, au HDMI ARC kama sabufa inayo. TV ikiwa na tundu la optiki tu, sabufa haina, nunua kigeuzi cha optiki kwenda RCA na sauti ya TV uiweke PCM, yaani isiyobanwa, ukiiacha inatoa Dolby kigeuzi cha bei rahisi kitakupa ukimya au kelele za mkwaruzo. Kwenye sabufa yenyewe shusha besi mpaka chini ya nusu, hizo zimetengenezwa kwa singeli, si kwa mazungumzo.